Fraizi Haili Makayabu

Juzi sokoni nilimsikia kijana mmoja, amevaa viatu vizuri na simu iko mkononi, akimweleza mwenzake kwamba bustani ya mama yake imekauka kwa sababu jirani ameitazama kwa macho mabaya. Nilikuwa nimeshika kabichi, nikatamani kumpiga nayo. Nikamuuliza, "Mutoto, mayi ya kumwangia ile bustani munatoa wapi?" Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa na kichaa, akaenda zake.

Basi ninyi wengine, ambao bado mnaweza kukaa chini mkasikiliza, nisikilizeni. Watu wa Likasi, mji wetu wa migodi, wananiita Mama Zorzeti. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimelima fraizi, yale matunda mekundu ambayo Waswahili wa mashariki wanayaita stroberi. Nimezipanda, nimezikata kamba zake, yale mashina yanayotambaa na kuota miche mipya, nimezibeba kwa vikapu kwenda kwenye nyumba za wakubwa wa migodi walipokuwa bado na hamu ya konfitiri, jamu ya kupaka mkate. Magoti yangu yameharibika kwa ajili ya fraizi. Kwa hiyo mtu asinifundishe kinachoua bustani.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Tshibangu. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, baba yake aliletwa Likasi kufanya kazi ya reli, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akaoa hapa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Bustani tuliyokuwa tukifanya kazi ilikuwa kwenye mteremko wa upande wa Shituru, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Pembeni ya bustani alikuwa amejijengea nyumba ya matofali, tofali kwa tofali, siku za Jumamosi.

Mwaka wangu wa kwanza niliharibu matuta mawili mazima. Nilipewa mbolea ya mfuko, ile nyeupe ya punje, nikaambiwa nitie kiasi cha kifuniko cha chupa kwa kila mche. Mimi nikaona huo ni uchoyo. Nikatia konzi. Nilifikiri nazipenda. Baada ya siku chache ukingo wa majani ukawa na rangi ya kahawia, umekakamaa kama karatasi iliyopita karibu na moto. Nikadhani ni kiu, nikaongeza mbolea miche ipate nguvu.

Papa Tshibangu alipoona, hakunipigia kelele. Alichota udongo kidogo, akautia ulimini, akatema. Kisha akaniambia nami nionje.

"Inakuwa namna gani?"

"Kama munyu, Papa."

"Njo ile. Sikia, Zorzeti. Betravi inaweza kula makayabu, haisemi kitu. Tomati nayo inajikaza. Lakini fraizi haikulaka makayabu hata kidogo. Fraizi ni bibi ya direktere. Ukimutilia munyu kwa chakula anaanguka kitandani."

Betravi ni bitiruti, direktere ni mkurugenzi, na makayabu, kwa msiojua, ni wale samaki wa chumvi wanaolowekwa usiku kucha kabla ya kupikwa. Na hapo ndipo palipokuwa na dawa yake: kuloweka. Alinibebesha arozwari, ile ndoo ya kumwagilia yenye mdomo wa matundu, mara nyingi sana nikashindwa kuhesabu, mpaka maji yakapita chini ya matuta na kutoka kwenye mfereji wa pembeni. "Haina kunywesha, hii," akasema. "Tunaosha." Chumvi haiondoki kwa maji kidogo kidogo. Maji kidogo yanaikoroga tu. Lazima maji mengi, maji mazuri, na lazima yawe na njia ya kutokea chini, la sivyo unapika supu.

Nitawaeleza kama alivyonieleza, maana sijasikia mtu aliyeeleza vizuri kuliko yeye. Chumvi ikizidi udongoni inayashika maji. Mizizi inavuta upande wake, chumvi inavuta upande wake. Ukitia kidole unaona udongo una unyevu, lakini mmea una kiu, unakufa na kiu miguu ikiwa ndani ya maji. Na ile chumvi kidogo inayofaulu kuingia inapanda na maji mpaka mwisho wa jani. Maji yanakwenda hewani, chumvi inabaki pale. Ndiyo maana ukingo unaungua kwanza, tena wa majani ya zamani. Ukiona madoa katikati ya jani, hapo tafuta ugonjwa. Ukiona ukingo umeungua, majani mapya yanazaliwa madogo, na tunda limekuwa kama haragwe, usimtafute jirani. Tafuta maji yako.

Na acheni kutupia fraizi maji mliyooshea vyombo! Nimewaona. Mnamwaga maji ya sabuni kwenye matuta halafu mnakuja kwangu mnalia. Jivu nalo, konzi kwa konzi, eti bibi alisema. Mavi ya kuku mabichi, vilevile. Nani aliwaambia kwamba kitu kikiwa kizuri basi kingi ni kizuri zaidi? Haya, nimekwisha. Nirudi.

Ikaja ile miaka ya tisini. Ninyi mmezaliwa ndani ya magofu yake, mnaona kama ndiyo hali ya kawaida. Sisi tulikuwa na bomba lenye maji asubuhi na jioni. Migodi ilipoanza kusimama, mishahara ikakatika, wazungu wakaondoka, na siku moja bomba la bustani likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Bustani ikapata mwenyewe mpya. Simtaji jina, watoto wake wako mjini na hawana kosa. Sisi tulimwita Patroni, yaani bosi.

Patroni alikuwa mtu wa haraka. Watu wote walikuwa wanatafuta sabuni, haikuwepo madukani, basi yeye akajenga kibanda juu ya bustani, kwenye kichwa cha mteremko, akaanza kupika sabuni katika mapipa. Mafuta ya mawese, soda kali, moto. Na mwisho, ili sabuni ipande juu na ishikane, unatupa chumvi, tena chumvi nyingi, kwa mifuko. Sabuni inaelea, yale maji machafu ya chini yanafunguliwa yaende. Yaende wapi? Mfereji ulikuwa pale. Mfereji ule unateremka mpaka kwenye bwawa letu dogo. Na bwawa, tangu bomba kufa, ndimo tulimokuwa tunachota maji ya kumwagilia.

Mnaona? Mnaelewa hata kabla sijamaliza. Mtoto wa shule ya msingi anaelewa. Lakini watu wazima wa wakati ule hawakutaka kuelewa, na hasira yangu mpaka leo iko hapo.

Ulikuwa mwezi wa sita, baridi, mvua imekwisha zamani, hakuna cha kuosha udongo. Asubuhi matuta yalikuwa na utando mweupe juu, nilidhani ni umande umeganda. Ukingo wa majani ukaungua. Maua yakatoka machache, yakakauka kabla ya kufunga. Papa Tshibangu aliinama, akaonja, akasimama bila kutema, akatazama juu kwenye kibanda cha sabuni.

Alikwenda kumwambia Patroni siku ileile. Nilikuwa nyuma yake.

"Patroni, mayi ya sabuni inaingia mu bwawa. Iko na munyu mingi. Tuchimbe mufereji ingine, siku mbili tu, mayi ipite kule chini. Minye na Zorzeti tutachimba."

Patroni akacheka. "Weye ni jardinier ao ni injinia? Sabuni inasafisha. Namna gani kitu chenye kinasafisha kichafue bulongo?"

Papa Tshibangu, mtunza bustani, aliuacha udongo umjibu. Alirudi bustanini akagawa tuta moja katikati kwa mstari wa mawe. Upande mmoja tuliendelea na maji ya bwawa. Upande wa pili tulianza kuosha kwa maji ya chemchemi, ile ya nyuma ya kilima. Kila asubuhi mapema tulipanda na ndoo, yeye mbili, mimi moja, tukarudi, tukapanda tena. Kwa wiki tatu mabega yangu yalikuwa na malengelenge. Alinikataza kumwaga juu ya majani, alitaka maji yaingie chini tu, taratibu, mpaka yatoke pembeni. Tulifunika udongo kwa nyasi kavu, ili jua lisivute chumvi irudi juu.

Wiki ya tatu, upande wa chemchemi ukatoa majani mapya. Kijani, laini, meno ya ukingo yamekamilika. Upande wa pili ulikuwa umelala kama mboga iliyosahauliwa juani. Tuta lilelile, mbegu ileile, siku ileile, mstari wa mawe katikati! Kipofu angeona kwa mkono.

Tulimwita Patroni. Alikuja, akatazama upande huu, akatazama upande ule. Nilifurahi, nilidhani sasa anahesabu siku za kuchimba mfereji. Kisha akasema, polepole, na maneno yale nayasikia mpaka leo:

"Donc, basi, dawa yako unaweka upande moja tu."

Dawa ya mchawi, alimaanisha. Nimewaza miaka mingi kama aliamini aliyoyasema. Siku nyingine nafikiri aliamini. Siku nyingi nafikiri aliangalia ile nyumba ya matofali.

Kwa maana ndivyo ulivyokuwa wakati ule. Mjini watu walikuwa wanapita wakisema wenye asili ya Kasai warudi kwao. Kwao! Mtu aliyezaliwa hapa, mama yake amezikwa hapa. Kwenye milango ya nyumba zao yaliandikwa maneno. Waliokuwa wakikopeshana chumvi jana, leo hawasalimiani. Sitawaeleza yote. Kuna watu wazima mjini humu wanaoweza kuwaeleza, waulizeni mwone watakavyoanza kutazama chini. Nasema tu kwamba ukitaka nyumba ya mtu wakati kama huo, huhitaji hakimu. Unahitaji bustani iliyokufa na neno moja.

Siku ya Jumatatu Patroni alitukusanya wafanyakazi wote kwenye matuta, pamoja na vijana fulani ambao sikuwajua, wenye fimbo. Papa Tshibangu alisimamishwa katikati, kofia mkononi.

"Hii bulongo inakufwa juu ya muntu mumoja," Patroni akasema. "Banasema ni munyu. Munyu! Nani alionaka munyu inaua shamba? Iko bulozi."

Neno uchawi likiwa limeshatoka, akanigeukia mimi. "Zorzeti, weye unatumikaka na yeye kila siku. Ulimuona anatia dawa?"

Mnajua nilichopaswa kusema. Nilipaswa kusema: dawa haiko, ni maji yako ya sabuni, nimeyaonja kwa ulimi wangu, twende kwenye mfereji wote mkaonje. Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwangu, yamepangwa. Nikamwona kijana mmoja anagonga fimbo kwenye buti lake. Nilikuwa na watoto wanne nyumbani.

Nikasema, "Sikuona."

"Munasikia?" Patroni akawageukia vijana. "Anasema hakuona. Hakusema haiko."

Papa Tshibangu alinitazama mara moja tu. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama siku ile ya mbolea, kama mtu anayeona jinsi kosa limetokea na anajua lilipoanzia. Akavaa kofia yake.

Walimpa mpaka Jumatano. Alitoka na mke wake, watoto watatu, mashine ya kushonea, na sufuria. Walikwenda stesheni kama wengine, na wengine walikuwa wengi mno, familia kwa familia, chini ya mahema ya mifuko, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja siku gani. Walikaa pale wiki nyingi. Watoto waliugua kuhara. Nilikwenda mara tatu na unga na mboga, nikipita njia za nyuma. Nilikuwa naogopa hata huruma yangu isionekane.

Mara ya mwisho nilianza kumwomba msamaha, akanikatiza.

"Mvua ikikuja, fungua mufereji ya pembeni, ile ya chini. Mayi ya mvua ipite. Mvua inaosha muzuri kuliko shiye."

"Papa, unaniambia mambo ya fraizi? Saa hii?"

"Niambie nini ingine?" akasema. Akanionyesha mtoto wake mdogo aliyelala juu ya mashine ya kushonea iliyofungwa shuka. "Mambo ingine yote, weye unaona."

Treni ilikuja. Mabehewa ya wazi, ya mizigo. Sikuwepo siku ilipoondoka. Niliambiwa tu kwamba stesheni ni tupu. Nimeuliza watu waliotoka Mwene-Ditu, waliotoka Mbuji-Mayi, waliotoka Kananga, miji yote ya Kasai. Hakuna aliyemjua Tshibangu mfupi, mtu wa fraizi. Sijui kama alifika.

Patroni alimweka shemeji yake katika ile nyumba ya matofali kabla wiki haijakwisha.

Na sasa sikilizeni jambo la kuchekesha. Mchawi ameondoka, sivyo? Mwaka uliofuata fraizi zilikufa zote. Matuta yote, mpaka betravi zikaanza kunung'unika. Hakuna aliyeuliza. Hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, mbona? Waliniambia tu nipande tena. Kisha soda ya kupikia sabuni ikakosekana, mawese nayo yakawa hayafiki, kibanda kikafungwa, mapipa yakaibiwa. Ikaja mvua kubwa. Nilifungua mfereji wa chini kama nilivyoagizwa, maji yakapita, wiki kwa wiki, na mimi nikasimama ndani ya mvua na jembe nikiyaongoza. Msimu wa baridi uliofuata nilichukua kamba za ile miche iliyopona kwenye nusu ya tuta, upande wa chemchemi, nilizokuwa nimezificha kwenye makopo nyumbani kwangu kabla yote haijafa. Zikashika. Zikazaa. Walimu wa misheni kule Mulungwishi walituma mtu kuzinunua.

Jumapili moja, kanisani kwetu, ulikuwa wakati wa ushuhuda. Patroni akapanda mbele na suti yake. Akachukua kipaza sauti, akaanza kueleza jinsi bustani yake ilivyofungwa na mtu wa giza, jinsi alivyofunga na kuomba, jinsi Mungu alivyomwondoa yule mtu, na sasa tazameni, udongo umefunguliwa. Watu wakasema amina. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele.

Sijui nilisimamaje. Nakumbuka kwamba magoti yangu, ambayo hunisumbua, siku hiyo hayakuniuma.

"Hapana," nikasema. "Hapana, Patroni. Mungu usimutie mu ile mambo. Bulongo ilipona juu uliacha kupika sabuni."

Mchungaji akaniashiria nikae. Sikukaa. Nikasema yote: mapipa, mifuko ya chumvi, mfereji, bwawa, nusu ya tuta. Nikamtaja Papa Tshibangu kwa jina lake lote, jina ambalo hakuna aliyekuwa amelitamka mle ndani tangu aondoke, na yeye alikuwa muumini wa kanisa lile, alikuwa akikaa benchi ya tatu. Nikasema na langu pia. "Waliniuliza, nikasema sikuona. Nilidanganya. Niliona kila kitu."

Patroni akasema kwa kipaza sauti, "Mama, ile wakati bote tulikuwa na woga."

"Minye nilikuwa na woga," nikamwambia. "Weye ulikuwa na nyumba."

Wengine waligeuza nyuso. Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia, lakini sikutaka machozi yake, yalichelewa. Mchungaji akaanzisha wimbo. Waliimba kwa nguvu sana, kama watu wanaofunga mlango.

Kesho yake nilifukuzwa kazi. Nilitegemea hivyo. Nilikwenda tu kuchukua jembe langu na makopo niliyoletea ile miche, na nilikuwa nayafunga kwenye kanga pale bustanini ndipo mke wa yule shemeji alipotoka kwenye nyumba ya matofali. Alikuwa msichana wa Kambove, ameolewa baadaye, hakuwepo wakati wa mambo yale. Jina lake Kalumba. Alisimama mbele yangu, mtoto mgongoni.

"Mama Zorzeti, jana nilikuwa mu kanisa." Akatazama nyuma yake. "Hii nyumba ilikuwa ya ule baba?"

"Hawakukuambia?"

"Baliniambia ilikuwa tupu."

Nikamwambia kwamba Papa Tshibangu aliijenga siku za Jumamosi, na kwamba mke wake alizalia watoto wote watatu katika chumba cha upande wa mbele. Kile kilikuwa chumba alichokuwa akilala Kalumba.

Aliingia ndani. Nikasikia sauti ya mume wake ikipanda, kisha sauti ya vyombo. Alipotoka alikuwa na godoro kichwani, mtoto mgongoni, na mfuko wa sufuria. Mume alisimama mlangoni akipiga kelele kwamba ni mwenda wazimu, kwamba anakwenda wapi, nyumba ni nzuri, ina bati jipya. Kalumba akaendelea kutembea. Alikuwa anarudi kwa dada yake Kambove.

Ninyi mnaotafuta macho mabaya kwenye bustani za watu, kumbukeni jambo hili. Katika mji mzima, pamoja na mchungaji, pamoja na wazee, pamoja na mimi niliyefundishwa na yule mtu kwa mkono wake, ni binti huyu mmoja tu, ambaye hakuwa na kosa lolote, aliyetoka katika nyumba ile.

Godoro lilikuwa linamwelemea upande mmoja. Nikaweka jembe langu chini ya ukuta, nikashika upande wa pili, tukateremka pamoja mpaka barabarani.